Mateka wa Kilomita Tano

Elkana alifungua mlango wa nyuma wa gari la kwanza aliloliona, akajitupa ndani na fuko la pesa alizoiba, akaelekeza bastola kwenye kisogo cha dereva.

"Drive! Go, go!"

Nyuma yake king'ora cha duka la vileo kilikuwa kinapiga kelele mtaa mzima wa Lidcombe. Alikuwa amepanga kukimbilia treni, lakini askari walikuwa wamesimama kituoni wakikagua barakoa. Gari hili lilikuwa limeegeshwa karibu kabisa na duka, injini inanguruma, milango haijafungwa. Tangu korona iingie Sydney, hiyo ndiyo ilikuwa bahati yake ya kwanza.

Dereva, mwanamke aliyevaa sare ya watunza wazee, aliondoa gari bila kupiga yowe. Kwenye kiti cha nyuma, ubavuni mwa Elkana, alikaa mama mtu mzima mwenye kitenge kipya na kilemba, kama anayekwenda harusini, na harusi zenyewe zimepigwa marufuku. Alimkagua kijana kuanzia juu hadi chini.

"Verdiane," alimwambia dereva kwa Kiswahili, "huyu pua yake iko nje."

"Shikamoo," Elkana aliropoka, akapandisha barakoa. Kisha akakumbuka kwamba ana bastola. "Nyamazeni! Nyinyi ni mateka!"

"Marahaba," alijibu mama. "Mimi ni Mama Généreuse, na huyo ni binti yangu. Funga mkanda."

Elkana akafunga mkanda.

Verdiane aliuliza anataka kupelekwa wapi. Kazi ya Elkana ilikuwa kupika hotelini, si ujambazi. Hoteli ilipofungwa, msaada wa serikali ukawapita mbali watu wenye viza kama yake, na chumbani kwake ulibaki mchele wa kukorogea uji tu.

"Liverpool," alisema, kwa kuwa ndilo jina la mtaa lililomjia.

"Liverpool kuna polisi na wanajeshi kila kona," alisema Verdiane. "Kensington ndiko shwari. Kule hawajabanwa kama sisi huku."

"Basi Kensington! Na ukileta ujanja, nafyatua!"

"Sawa, kaka," alijibu Verdiane. Tayari alikuwa kwenye barabara ya kwenda huko.

Kwenye taa nyekundu, gari la polisi likasimama ubavuni mwao. Elkana aliishusha bastola, akaibana kwenye mbavu za Mama Généreuse.

"Mkitoa sauti..."

Askari aligeuza shingo, akawatazama. Mama Généreuse akalaza kichwa begani kwa Elkana na kumpapasa mkono, kama mama aliyechoka na mwanawe. Taa ikawaka kijani. Polisi wakaenda zao. Shati la Elkana lilikuwa limelowa jasho.

"Hii bastola yako," mama alinong'ona, "ni ya plastiki."

"Tafadhali usimwambie dereva."

"Ni mara yako ya kwanza?"

"Ya kwanza, mama."

"Inaonekana."

Huko Kensington, Verdiane alisimamisha gari mbele ya ghorofa la wanafunzi. Elkana akauliza kwa nini hapa.

"Mwanangu mdogo anakaa juu pale. Ikirezi," alisema Mama Généreuse. "Amejifungua peke yake. Mume wake amekwama Bujumbura, mipaka imefungwa. Kila siku ananililia kwenye simu, na mimi siruhusiwi kuvuka kilomita tano kutoka nyumbani. Tulipiga simu kuomba kibali, wakatuwekea muziki wa kusubiri mpaka chaji ikaisha. Mjukuu wangu sijamgusa hata kidole."

Alijifuta macho kwa ncha ya kitenge, akamgeukia Elkana.

"Sasa si tuko mateka? Tulazimishe tupande. Na hilo fuko la pesa liache humu."

Elkana aliielekeza bastola mlangoni.

"Pandeni," alisema. "Haraka."

Ikirezi alipofungua mlango na kumwona mama yake, alikaa sakafuni na kulia. Mama Généreuse akamchukua mtoto, akamwimbia, akamwosha, akamkanda. Ikirezi alilala usingizi ambao hakuwa ameupata tangu atoke hospitali. Elkana alisimama kidogo mlangoni na bastola yake, hadi Verdiane alipomkabidhi kisu na vitunguu. Akapika wali, na Mama Généreuse akaongeza sahani ya pili.

Alipoaga, alibeba bakuli la chakula na namba ya simu ya Verdiane. Kazini kwa Verdiane, kwenye makao ya wazee, walikuwa wanatafuta mpishi. Bastola aliitupa kwenye pipa la taka, akapanda tramu.

Jioni, wakirudi, wanawake wale wawili walisimamishwa kwenye kizuizi. Askari alisoma anwani kwenye leseni ya Verdiane, akatoa kitabu cha faini.

"Tulitekwa," alisema Mama Généreuse, akampa fuko lote la pesa.

Askari aliacha kuandika. "Mtekaji alikuwa mtu wa namna gani?"

"Mrefu, mzee, mnene. Nadhani Muitaliano. Alikuwa anaongea kwa mikono. Akatupandisha ghorofani mpaka jioni."

"Na aliwalazimisha kukaa ghorofani mchana kutwa?"

"Mchana kutwa."

"Mkifanya nini?"

"Akatulazimisha tuoshe mtoto," alisema mama, akitikisa kichwa. "Mtu katili sana."

Askari alirudisha kitabu mfukoni, akawapa pole, akawaomba wapumzike, na pikipiki ya polisi ikawasindikiza mpaka mlangoni kwao, kwenye fleti iliyotazamana na duka la vileo.

Verdiane alizima injini. Alisubiri pikipiki ipotee kabisa, ndipo akamgeukia mama yake.

"Na kama leo tena yule kijana angekata tamaa?"

"Wiki nzima anaingia pale dukani na bastola yake na kutoka mikono mitupu, na sisi hapa tunamngoja injini ikimaliza petroli," alisema Mama Généreuse. "Leo ningeshuka nikamsukume."