Ngazi za Nyuma ya Jiko

"Haya, funikeni ramani," alisema binti wa ofisi ya mji. "Kila mtu achore kwa kichwa njia ya kukimbilia tsunami ikija. Ukiichora bila kutazama, huisahau tena."

Mzee Kisaburo alisonya. Miaka minane tangu bahari imchukue mkewe, leo ndio wakubwa wanakumbuka kufundisha watu njia!

Ramani yao hata hakuitupia jicho. Alishika penseli kwa hasira, akachora.

Alichora nyumba yake iliyosombwa, mlango wa jikoni, kitalu cha figili, kisha ngazi za mawe za kupandia hekaluni, alikopanda kila sherehe ya kiangazi na machela ya mungu wa kijiji begani. Hata kipandio cha tatu, kilichomeguka upande wa kulia, alikichora kimemeguka.

Jirani yake alichungulia, akacheka. "Ala! Si wewe unayeapa kila siku kwamba hukuonyeshwa njia? Mbona yako imeishinda ya ofisi?"

Binti aliinama juu ya karatasi. "Kutoka jikoni hadi juu ni dakika ngapi, babu?"

"Tatu," alijibu bila kufikiri. "Kwa goti bovu la mke wangu, tano."

Penseli ilisimama. Siku ile ya tsunami mkewe alikuwa mlangoni pale pale jikoni, viatu miguuni, akimvuta mkono. "Twende juu, baba, twende."

Naye alimwambia, "Vua viatu, unanichafulia sakafu. Ngoja kwanza nikaulize ofisini."