Ulimi wa Mzee Kombo

Kabla ya kushika kisu, Daktari Mkunde alimwambia Sista Tabu afunike saa ya ukutani kwa kitambaa, kama kawaida yake kwa wagonjwa wenye shingo nene, muda usije ukamharakisha. Mzee Kombo, aliyelala mezani, pumzi humkatika usingizini mpaka mkewe amfinye. Leo alikuwa anawekewa kifaa cha kuusukuma ulimi mbele usizibe koo.

Mara mbili daktari aliujaribu mshipa wa fahamu wa ulimi kwa umeme, na mara mbili ulimi ukarudi nyuma.

"Daktari, mgonjwa mwingine ameshaandaliwa," alisema Sista Tabu. "Kwa nini tusikiweke kifaa hapo hapo tukafunga?"

Mkono wa daktari ulisita. Akavikumbuka vidole vya yule mama kule nje, kucha zimekatwa hadi nyamani asije akamuumiza mumewe.

"Hapana," alisema, akazidi kuingia ndani, akichambua nyama polepole kutafuta tawi la mshipa linalousukuma ulimi mbele. Akajaribu tena.

Ulimi ukachomoza katikati ya meno, kama wa mtoto anayemchokoza mwenzake. Hakuna aliyecheka. Sista Tabu alinyoosha mkono kwenye kitambaa cha saa, kisha akaurudisha.