Viti ni vya Wateja

Meneja alipomwona mkurugenzi mzima wa kampuni ya hoteli, mwanamke wa makamo mwenye suti ya bei mbaya, anavua viatu mlangoni na kujishusha sakafuni huku akiguna, alimkonyeza shemeji yake. Kisha naye akavua viatu, akakaa chini na kukunja miguu kama aliyezaliwa hivyo.

Hapakuwa na kiti hata kimoja. Hoteli ya maghorofa, chumba cha mikutano chenye mapazia mazito na zulia la kuzamisha vidole, halafu watu wazima wamekaa chini kama watoto wa chekechea.

"Hawa ndio wanaotaka viti?" shemeji alinong'ona.

"Nyamaza, shemeji. Mshamba akipata hela hununua kwanza. Matumizi atajifunza mbele ya safari."

Meneja alikuwa amewadharau watu wa nchi hiyo tangu uwanja wa ndege. Alicheka lugha yao, akacheka foleni zao, akamcheka hata dereva aliyewafungulia mlango wa gari. Lakini aliwahitaji, na hilo lilimkera kuliko yote. Kiwanda cha viti cha baba mkwe wake kilikuwa hoi, na oda ya kumbi zote za hoteli hizi ndiyo pekee ingekinusuru. Mzee mwenyewe alikuwa bahili wa kupindukia. Mfanyakazi hakuruhusiwa kukalia kiti cha kuuzwa wala kukanyaga ukumbi wa maonyesho na viatu, hata siku ya kupiga picha. "Viti ni vya wateja!" ndio ulikuwa wimbo wake. Safari hii alikuwa amemwambia meneja mbele ya mkewe, bila kumung'unya maneno: "Ukirudi mikono mitupu, umeneja namkabidhi mwanangu."

Mwanawe huyo ndiye shemeji huyu, ambaye sasa alikuwa anajichokonoa vidole vya miguu mbele ya wenyeji.

Kwa hiyo meneja alikuwa amejiandaa. Alilipia semina ya kufanya biashara na wageni, na mkufunzi akawaimbia jambo lilelile kutwa nzima: ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho. Fanya wanachofanya, sifia wanachosifia. Tena tanguliza zawadi. Meneja alitanguliza kalenda ya kiwanda, na sasa aliiona ukutani, imewekwa kwenye fremu. Alijiona mjanja sana.

Chai ililetwa kwenye sinia na kuwekwa sakafuni. Mhudumu aliinama vibaya, nusura aimwage yote. Hata kazi ya kila siku inawashinda, meneja aliwaza. Zulia lilikuwa na vishimo vinne vinne, vimepangwa safu kuzunguka chumba, akadhani ndiyo mapambo yao.

"Natumaini mmekaa vizuri," mkurugenzi alisema, akilisugua goti lake.

"Vizuri kupita maelezo, mama."

"Basi tumefurahi. Tulitaka mjisikie nyumbani." Alinywa chai kidogo, akasitasita. "Niulize jambo, kama si kuwakosea adabu. Hivi viti vyenu, nyinyi wenyewe mnavionaje?"

Meneja aliunusa mtego. Akikisifia kiti, atakuwa ameitukana sakafu yao. Huyu mama anampima kama ana heshima, na heshima alikuwa ameilipia semina nzima.

"Mama, kiti ni kiti tu," alisema, akatabasamu. "Kinachosha mgongo. Lakini chini! Chini kuna afya, kuna utu. Mimi hata nyumbani kwangu kiti sikikalii."

Mkurugenzi alitazamana na katibu wake.

"Hata nyumbani?"

"Hata nyumbani. Muulize shemeji yangu hapa."

Shemeji aliitikia kwa kichwa. Mguu ulikuwa umekufa ganzi na hakuwa na nguvu za kubisha.

Mazungumzo hayakurefuka tena. Mkurugenzi alishukuru, akaahidi kuwajulisha, akawasindikiza hadi kwenye lifti akiwa pekupeku, akichechemea. Milango ilipojifunga tu, meneja alicheka mpaka akaegemea ukuta.

"Umemwona? Anakaa kama kuku anayeatamia, halafu ananihoji habari za viti! Nimemtia mfukoni, shemeji. Mpigie baba, mwambie aanze kununua mbao."

"Na umeneja je?"

"Umeneja utausikia kwa jirani."

Juu kule, katibu na mhudumu walikuwa wanasukuma viti kutoka chumba cha pili, kila kimoja kikirudishwa kwenye vishimo vyake. Mkurugenzi hakusubiri vimalizike. Alikidaka cha kwanza, akajitupa juu yake na kushusha pumzi, macho yake yakiwa kwenye kalenda ukutani, ambako meneja na wenzake walikuwa wameketi chini pekupeku, wakitabasamu, na safu nzima ya viti vitupu nyuma yao.

"Nilipoiona picha hii nilidhani ni mila yao tu, nikasema mgeni aheshimiwe," alimwambia katibu. "Lakini viti ambavyo hata anayeviuza amevikimbia, mimi nimkalishe nani?"