Barua ya Mistari Miwili

Mjinga wa siku ile alikuwa Hizza, mwandishi wa riwaya, na hakujijua. Jirani yake, Bi Mwanakombo, alimwomba amwandikie barua Salha, binti yake ambaye yeye mwenyewe alimfukuza miaka mitatu nyuma, ili arudi nyumbani. Hizza akajaza kurasa mbili. Alianza na mbinu rejeshi, akapachika taharuki, na machozi ya mama akayafananisha na mvua ya masika. Kisha akasoma kwa sauti, akinogewa na ufundi wake mwenyewe.

"Nani huyo anayelia hivyo?" aliuliza Bi Mwanakombo.

"Si ni wewe, mama!"

"Mimi? Lini? Chana hiyo, mwanangu. Andika: Kikombe cha marehemu baba yako nimekiunga kwa gundi. Nakinywea chai kila asubuhi."

"Halafu?"

"Halafu jina langu."

Hizza akacheka mpaka kalamu ikamdondoka. "Bi Mwanakombo, tunamrudisha mtoto au tunatangaza gundi? Msamaha uko wapi? Msomaji ataujuaje?"

Bi Mwanakombo aliiokota kalamu, akamrudishia mkononi.

"Huyo msomaji wako ndiye aliyekivunja."