Kabati Lililogoma Mlangoni

Mwalimu wa fizikia alikuwa ameshaliwekea kabati bega la kulia, bega la kushoto, na sasa mgongo. Lilikuwa limefika nusu ya mlango wa chumba chake, likagoma. Si kwamba lilikuwa pana. Jana alilipima kwa rula ya darasani, akaona linabakiza vidole viwili kila upande.

Akakaa chini kuhema. Kwa miaka kumi na tisa amewaambia wanafunzi maneno yaleyale: kitu kilichotulia hupenda kuendelea kutulia. Ukikisukuma kisiende, usikilaumu. Tafuta nguvu inayokisukuma kutoka upande wa pili. Kama angetaka mfano ulio hai, angejitaja mwenyewe: miaka arobaini na moja, tumbo mbele, na bado analala katika chumba alichootea meno. Mganga hajigangi.

Leo lakini hapakuwa na kuahirisha. Nyumba ya mwalimu katika shule mpya ingepewa mtu mwingine asipochukua ufunguo kabla ya saa kumi. Nje, dereva wa pikapu alishaanza kupiga honi.

Mara tatu zilizopita alighairi kuhama kwa ajili ya mama yake, fundi cherehani, mjane, na yeye ndiye mtoto wake wa pekee. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Wiki nzima alimwona mama hana raha. Kila asubuhi mama alimuuliza gari linakuja saa ngapi. Juzi alimkuta amesimama katikati ya chumba hiki, futi shingoni, anaupima ukuta kwa macho, midomo inamchezacheza. Maskini mama!

Akajikaza, akasukuma tena. Kabati likatikisika, likatulia. Hapo akasikia, nyuma ya mbao, mtu anahema.

"Mama? Ni wewe unayesukuma huko?"

"Ni mimi, baba," sauti ikajibu, pumzi zimemkatika.

Machozi yakamlenga. Kumbe ndiyo nguvu ya upande wa pili! Bibi wa miaka sabini amejibandika kwenye kabati ili mwanawe asiondoke, na yeye, mwalimu mzima, anashindana naye kama fahali. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Saa kumi na ipite. Ufunguo auchukue mwingine.

"Basi, mama," alisema, paji la uso likiwa kwenye mbao. "Nimekuelewa. Siendi tena."

Kisha ikasikika sauti nyingine, ya mama mdogo.

"Anasemaje huyo?"

"Anasema haendi."

"Haendi? Na hii meza ya cherehani tuliyoisukuma tangu sebuleni, tuipeleke wapi? Tena mimi nilidhani tumegonga kizingiti; haya majora ya vitambaa yametuziba macho!"

"Mdogo wangu," alisema mama, ambaye sasa alikuwa ameshapata pumzi, "rudisha meza nyuma. Njoo ushike hapa. Yeye asukume, sisi tuvute."

Kabati likateleza kama limepakwa mafuta.