Mfagio wa Bi Mwanaidi

Siku hizi mmea wowote ulioota nje ya nchi ya asili yake hung'olewa. Bi Mwanaidi, mfunga mafagio wa Lushoto, alikuwa amebakiwa na kichaka kimoja cha mfagio, chenye maua ya njano, alichopandiwa na marehemu mumewe.

Asubuhi moja Afisa Shemdoe wa idara ya mimea alikuja kukikagua.

"Shikamoo, mama. Kwao ni Ulaya hiki. Kimeenea Amerika, India, hadi Nyuzilandi, na kote kinang'olewa."

"Marahaba. Kimeota dunia nzima, na bado mnakiita kigeni?"

"Ndiyo sheria, mama."

"Basi ng'oa mwenyewe. Mkono wangu hautakigusa."

Shemdoe akakivuta. Maganda yaliyokaushwa na jua yakapasuka, mbegu zikarukia uani kote. Akapiga magoti kuziokota, akashindwa.

"Zinakaa ardhini muda gani?" aliuliza.

"Zingine hupita umri wako."

Bi Mwanaidi akaleta ndoo, akaanza kumwagilia udongo zilimoangukia mbegu, mbele ya afisa. Shemdoe akamwambia kwa sauti ya chini kwamba hilo nalo ni kosa, na kwamba watu wamefungwa kwa hilo.

"Andika jina langu," akasema Bi Mwanaidi, akaenda kujaza ndoo nyingine.