Mfuko wa Mwanahawa

Asubuhi hiyo Mwanahawa hakuingia kwenye kiwanda cha nguo alikofanya kazi. Alivuka barabara mpaka kwa fundi Bi Chausiku, akaomba kazi.

“Miaka tisa unawashonea Wazungu, mwanangu! Haya, nishonee gauni la mtoto nikuone,” Bi Chausiku alisema, akimsukumia kitambaa na mkasi.

Mwanahawa alikata kipande cha ukubwa wa kiganja, akaketi kwenye cherehani. Kufumba na kufumbua, mfuko ulikuwa tayari, umenyooka kama uliopigwa rula.

“Mzuri huo. Na gauni liko wapi?”

Mwanahawa aliugeuza mfuko mikononi.

“Kule kiwandani mimi ni kushona mifuko ya nguo tu, mama. Gauni zima sijawahi kulishona.”

Upande wa pili wa barabara, king'ora cha kiwanda cha kuanza kazi kikalia. Kabla hajajijua, mguu wake ulishakanyaga pedeli, na sindano ilipanda na kushuka bila kitambaa.